Mnauliza: Vichokoo vya kisiginoni vya naiti wa Ulaya

Maswali ya safari hii yanahusu vile vyuma ambavyo naiti, askari wa kiungwana wa Ulaya, walivifunga kisiginoni wakipanda farasi, ili kumchokoa aende.

Kwa nini wasitumie fimbo?

Fimbo ingeshikwa na mkono gani? Wa kulia una mkuki, wa kushoto una ngao na hatamu. Iliyobaki ni miguu. Mpandaji hodari alimgusa farasi ubavuni, basi. Wa kuchoma ovyo hutupwa chini.

Vilibuniwa zama hizo?

Hapana, Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, na Warumi walikuwa navyo. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walioivamia Uingereza mwaka 1066 walivaa vyenye ncha moja. Kigurudumu chenye meno, badala ya ncha, kilitokea karne ya 13, kikaenea karne iliyofuata.

Nimeona picha ya vyenye shingo, yaani kile kipande kinachotoka kisiginoni hadi kwenye ncha, ndefu ajabu. Ni mbwembwe tu?

Mbwembwe zipo, sikatai. Lakini naiti wa karne ya 15 alikaa kwenye seruji (tandiko la farasi) ya kina, vikuku vya kukanyagia vimeshushwa, miguu ameinyoosha mbele. Kisigino kilikuwa mbali na ubavu, na pengine farasi naye kavishwa deraya, vazi la chuma la vita. Shingo ile iliziba mwanya. Kutembea navyo, hiyo ni shughuli nyingine.

Eti vilikuwa vya dhahabu?

Vingi vilipakwa dhahabu tu, juu ya shaba au chuma. Vilikuwa alama ya cheo, na cheo kikivuliwa navyo vinakwenda: Andrew Harclay, naiti wa Uingereza, alikatwa vyake mwaka 1323, kabla ya kunyongwa kwa uhaini.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Kortrijk, mji wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 11 Julai 1302. Wafumaji na mafundi, wengi wao kwa miguu, walijipanga nyuma ya vijito na mitaro wakiwa na mikuki na marungu yenye ncha ya chuma. Naiti wa Ufaransa wakawavamia kwa dharau, farasi wakakwama, na kamanda wao Robert wa Artois akauawa. Inasimuliwa kuwa jozi 500 za vichokoo ziliokotwa na kutundikwa kanisani. Mwaka 1382 Wafaransa walirudi, wakavichukua na kuuchoma mji. Hata hivyo 11 Julai bado ni sikukuu ya Waflemi, watu wa Flanders.

Bado vinavaliwa?

Naam. Wahispania walivifikisha Mexico, na wachunga ng'ombe wa Marekani wakavipata huko, pamoja na kigurudumu chake.