Kufundisha somo la kutawadha: kwa walimu wapya wa kipaimara, Moshi

Mwalimu mgeni akipangiwa somo la kutawadha, yaani kuoshwa kwa maji katika Biblia, hukimbilia Zaburi 51, anasema maji ni mfano wa msamaha, kipindi kimekwisha. Darasa linatoka likiamini kwamba kila aliyeitwa najisi katika Torati alikuwa mwenye dhambi. Kuling'oa wazo hilo baadaye ni kazi nzito kuliko kufundisha vizuri mwanzoni.

Anzeni na Walawi 12 na Hesabu 19. Mwanamke aliyejifungua alikuwa najisi. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku 7. Waulizeni vijana: aliyeuosha mwili wa babu yake na kuushusha kaburini kihambani, shambani pa ukoo, amekosa nini? Hakuna kosa hapo. Kuzaa si dhambi, na kuzika ni wajibu. Unajisi ulimzuia mtu kukaribia patakatifu, na kuoga kulikuwa sehemu ya njia ya kumrudisha. Somo lote lishikeni hapo, kwenye ruhusa ya kukaribia. Dhambi itakuja mahali pake.

Kisha chukueni Kutoka 30:17–21 na mchore ubaoni: mlango wa ua upande wa mashariki, madhabahu ya kuteketeza, birika la shaba, halafu hema la kukutania. Makuhani walinawa mikono na miguu kwenye birika kila walipoingia hemani au kukaribia madhabahu kuhudumu, na aliyeacha angekufa. Lakini siku ya kuwekwa wakfu Musa aliwaosha kwa maji (Walawi 8:6), na tendo lile la kuwaingiza katika ukuhani halikuwa la kila siku. Tofauti hii msiiruke hata kama muda umebana. Bila hiyo, jibu la Yesu kwa Petro katika Yohana 13:10, kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu, linabaki fumbo. Ikieleweka, vijana wenyewe watauliza kuhusu ubatizo wa mara moja na toba ya kila siku.

Kosa la pili ni kuyapa maji nguvu yasiyokuwa nayo. Katika Walawi 15 mtu anaoga, anafua nguo, na bado ni najisi hata jioni. Katika Walawi 14 mwenye ukoma haogi ili apone: kuhani anatoka nje ya kambi, anamkagua, anaona pigo limekwisha, ndipo ibada inaanza. Ndege mmoja anachinjwa juu ya maji yanayotiririka (vijana wa Marangu waelezeni kwa mfongo, yaani mfereji wa maji, na dimbwi, wataelewa upesi), mtu ananyunyiziwa mara 7, ananyoa, anaoga, anarudia siku ya 7, na siku ya 8 analeta sadaka. Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, msimchanganye humu. Yeye aliponywa Yordani kwa agizo la nabii, na hakuna kuhani aliyemkagua.

Isaya 1:16 na Ezekieli 36:25 zisomwe tu, zinajieleza. Waebrania 10:22 pia, ila mwonyeshe kwamba mwandishi anaweka dhamiri na mwili katika mstari mmoja.

Kama usharika wenu hutawadhana miguu Alhamisi Kuu, mara nyingi ni wakati wa masika: baridi na matope. Pasheni maji yawe vuguvugu. Kwa watu 12 andaeni lita 8 hivi, jagi, beseni, ndoo ya kumwagia maji machafu, na taulo dogo kwa kila watu wawili. Maji yamiminwe juu ya mguu. Msichovye miguu ya wote katika beseni moja, maana mtu wa nne ataoshwa kwa tope la watatu wa kwanza. Watajeni watakaooshwa siku moja kabla, wasije na soksi ndefu za kubana. Wengi watakuja wamekwisha kusugua miguu nyumbani. Waacheni.

Swali la Pilato, liwali wa Kirumi aliyemhukumu Yesu, litaulizwa tu: mbona naye alinawa mikono? Wapelekeni Kumbukumbu la Torati 21:1–9. Mtu alipokutwa ameuawa na muuaji hajulikani, wazee wa mji uliokuwa karibu zaidi na maiti walinawa mikono kwa sababu hawakumwaga damu ile wala hawakuona ikimwagwa. Pilato alinawa kwa ajili ya mtu aliye hai, ambaye yeye Pilato alikuwa na uwezo wa kumfungua, kisha akamtoa asulibiwe.