Draiva ya kurekebishwa: jua kwanza unapiga wapi, spana baadaye

Siku ya kwanza na draiva mpya ya kurekebishwa, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali, ni siku ya kupotoshwa. Mipira mitatu ya mwanzo ikinyooka, mtu anatoa pesa papo hapo. Ikikata kulia, anaomba spana kabla hajafuta jasho. Wote wawili hawajapima chochote. Draiva hizi zina uwezo mkubwa kweli, lakini zinamfaa yule anayejua mpira wake unagusa wapi usoni mwa fimbo na uso wenyewe unaelekea wapi. Bila hayo mawili, kila unachokizungusha ni kubahatisha.

Vizito vya kuhamisha vilikuwepo kabla, lakini ni kuanzia mwaka 2008 R&A na USGA, watunga kanuni za gofu duniani, waliporuhusu aina nyingine za marekebisho kwenye fimbo. Tangu hapo karibu kila draiva ya maana ina slivu: kile kibomba kilichogundishwa mwishoni mwa shafti, yaani mti wa fimbo, kinachoingia kwenye shingo ya kichwa na kushikwa na skrubu inayotokea chini, upande wa soli. Alama zilizochongwa juu yake ndizo zinazowachanganya watu.

Wengi husoma alama hizo na kuamini wanabadilisha lofti peke yake, yaani ule mwinamo wa uso unaoupaisha mpira. Sivyo. Tundu la slivu limetobolewa kwa kuinama kidogo, na kazi yote iko hapo. Ukiizungusha, shafti inaingia kichwani kwa pembe nyingine, na vitu vitatu vinasogea kwa pamoja: lofti, uelekeo wa uso na mlalo wa fimbo, yaani pembe ya shafti na ardhi. Kwa anayecheza mkono wa kulia, ukiongeza lofti uso unageuka kushoto pale unapoiweka draiva chini ikae yenyewe. Ukipunguza, uso unafunguka kulia. Slivu ya kampuni ya TaylorMade, kwa mfano, ina nafasi 12 na inapanda au kushuka digrii 2. Kila digrii 1 ya lofti huja na takriban digrii 2 za uelekeo wa uso.

Sasa mchukue mchezaji anayekata mpira kulia, tena unapaa juu sana. Anashauriwa apunguze lofti, anatoka 10.5 hadi 9. Uso wake umefunguka kama digrii 3. Zaidi ya hapo, lofti ikiwa ndogo, mzunguko wa mpira wa kurudi nyuma unapungua, na ule wa pembeni ndio unaotawala. Slaisi, yaani huko kukata kulia, iliyokuwa inaishia kwenye nyasi ndefu za rafu sasa inavuka miti. Mtu huyu alihitaji kwenda upande mwingine: aongeze lofti digrii 1 au 1.5, uso ufunge kidogo, mpira utulie.

Lipo jambo moja zaidi, na hata wauzaji hulisahau. Jichunguze unavyosimama kuupiga mpira. Kama unailaza draiva ikae kwenye soli yake kisha unapiga hivyo hivyo, slivu itakubadilishia hasa uelekeo. Kama una mazoea ya kuinyanyua kidogo na kuunyoosha uso kwa macho hadi utazame shabaha, umeufuta uelekeo kwa mikono yako, na unachobaki nacho ni badiliko la lofti. Wachezaji wawili wakiwa na draiva moja, kwenye nafasi moja, watapata majibu tofauti kwa sababu hii tu. Mwambie kedi anayekubebea mfuko au mwenzako asimame nyuma yako akuangalie, maana mwenyewe huwezi kujiona.

Mlalo wa fimbo usikusumbue sana. Kwenye lofti ya digrii 10, kubadilisha mlalo kwa digrii 1 kunasogeza mwelekeo wa mpira chini ya digrii 0.2. Nafasi za mlalo wa chini, kama zile zilizomo kwenye slivu ya PING yenye nafasi 8, husaidia zaidi wale wanaovuta mpira kushoto, kwa sababu uso nao hufunguka ukiiweka fimbo chini.

Angalia pia gripu, pale mikono inaposhika. Kwenye slivu nyingi shafti inazunguka pamoja nayo, kwa hiyo kama gripu ina ule mfupa mdogo upande wa nyuma, utaukuta umehamia kwenye kiganja mahali usipopazoea. Mikono itajirekebisha yenyewe, nawe utadhani ni fimbo. Kwa draiva ya kurekebishwa weka gripu ya duara isiyo na mfupa.

Baada ya kuelewa hayo, jaribio lenyewe linaanza hivi. Rudisha kila kitu kwenye nafasi ya kiwandani: slivu kwenye alama ya kawaida, vizito katikati. Njoo na mipira ile ile unayochezea mashindano, hata sita tu inatosha. Mipira ya uwanja wa mazoezi ni migumu, mingi imechakaa, na mingine imetengenezwa makusudi isiende mbali. Njoo na draiva yako ya zamani pia, na upige kwa zamu, mitano mitano. Ukipiga mipira ishirini mfululizo kwa ile mpya, mwishoni unapima uchovu wako.

Kisha tafuta kalamu ya ubao mweupe, ile ya darasani. Chora doa la ukubwa wa shilingi nyuma ya mpira, mahali uso utakapogusa, na uuweke mpira kwenye ti, kile kijiti cha kuuinua, doa likikutazama. Ukipiga, wino unahamia kwenye uso wa draiva na kuacha alama safi. Piga picha kwa simu, futa kwa kitambaa, endelea. Dawa ya unga ya miguu ya kupuliza nayo inafaa, ila inachafua. Baada ya mipira kumi picha zitakuonyesha fungu la alama, na fungu hilo lina maana kuliko umbali wowote uliouona.

Alama zikikusanyika upande wa kisigino, karibu na shingo, mpira utapinda kulia hata kama bembeo lako, yaani unavyoizungusha fimbo, ni zuri, kwa sababu kichwa kinajipinda kinapogonga na kuuachia mpira mzunguko wa upande huo. Zikikusanyika kwenye ncha, upande wa mbali na shingo, mpira utapinda kushoto. Zikiwa chini usoni, mpira unaondoka chini lakini unazunguka sana: unapanda ghafla mbele, unasimama hewani na kudondoka. Zikiwa juu kidogo ya katikati, umefika pazuri: mpira unaondoka juu, mzunguko ni mdogo, unaenda mbali. Kwa hiyo kabla ya kugusa slivu, cheza na ti. Nusu ya mpira ionekane juu ya mgongo wa draiva ukiwa umeilaza chini. Mtu anayepiga chini usoni kwa sababu ti imezama ardhini anaweza kununua draiva tatu bila kupona.

Kama alama zimeganda kisigino, shika gripu chini kwa inchi 1 upige tena. Draiva nyingi mpya zinauzwa na urefu wa inchi 45.5 hadi 46, na kwa wachezaji wengi wa klabu hiyo ni ndefu mno. Alama zikirudi katikati, umegundua tatizo ambalo hakuna kizito kingeweza kulitibu. Ukiamua kukata shafti, kumbuka nusu inchi inapunguza uzito wa bembeo, yaani unavyokisikia kichwa kilivyo kizito ukibembea, kwa pointi 3 hivi, na gramu 2 kichwani zinarudisha pointi 1. Ndiyo maana kampuni zinauza skrubu za uzito tofauti.

Vizito sasa. Kwenye PING G430 Max ya 2023 kuna kizito cha tungsteni cha gramu 25 nyuma ya kichwa, chenye nafasi tatu. Ukikipeleka upande wa kisigino, kichwa kinajifunga kwa urahisi na mpira unaelekea kushoto. Ukikipeleka kwenye ncha, ni kinyume chake. Draiva nyingine zinakuruhusu kubadilishana kizito cha mbele na cha nyuma. Kizito kikiwa nyuma, kichwa kinatulia hata ukikosea katikati na mpira unapaa. Kikiwa mbele, mzunguko unapungua lakini makosa yanaadhibiwa. Naona wachezaji wengi wenye handikapu (namba ya kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndiyo bora) juu ya 10 wanakimbilia kizito cha mbele kwa sababu ndivyo mabingwa wanavyofanya, na hilo silishauri kabisa. Pia tarajia kiasi: kuhamisha kizito kunasogeza mpira yadi kadhaa. Slaisi ya upana wa nusu ya feawei, ile njia ya nyasi fupi, haiondoki kwa gramu 25.

Kuhusu lofti, tazama wanawake wa LPGA, wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kabla ya kuchagua namba. Wastani wao uliopimwa miaka ya nyuma na TrackMan, mashine ya rada, ulikuwa kasi ya fimbo ya maili 94 kwa saa, mpira ukiondoka kwa digrii 13.2, ukizunguka mara 2,611 kwa dakika, na kutua yadi 218. Kasi hiyo ndiyo ya wanaume wengi wa klabu zetu, lakini mwanaume wa klabu anataka draiva ya digrii 9 kwa sababu 12 inamtia aibu. Wale wanawake walikuwa wanaufikia mpira fimbo ikiwa inapanda digrii 3. Wewe kama unaufikia ikiwa inashuka, unahitaji lofti kubwa kuliko yao, si ndogo. Chukua 10.5 au 12, halafu slivu ipunguze baadaye ikibidi.

Ukijaribia dukani kwenye mashine, soma kasi ya mpira, pembe ya kuondoka na mzunguko. Umbali unaoonyeshwa ukutani ni hesabu ya kompyuta, na hesabu hiyo inategemea mwinuko uliowekwa. Uliza umewekwa mwinuko gani. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Mpira wa yadi 230 pwani unaweza kutua yadi 245 Nairobi. Hewa hiyo nyepesi pia inapunguza kupinda. Draiva uliyoipatia marekebisho kwenye viwanja vya Nairobi kama Muthaiga au Karen, ikapinda kulia kidogo tu, itapinda zaidi ukishuka nayo pwani, Nyali au Vipingo, na upepo wa kusi ukivuma ndiyo kabisa. Anayecheza sehemu zote mbili atafute nafasi inayonyoosha mpira pwani, bara haitamsumbua. Kwa wa Nairobi, nyasi za kikuyu hazimpi mpira nafasi ya kujiviringisha sana, kwa hiyo thamini umbali wa angani, yaani lofti, kuliko mpira wa chini unaotegemea kukimbia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Slivu ikizungushwa na kizito kikahamishwa kwa pamoja, matokeo yakiwa mazuri hujui cha kushukuru, yakiwa mabaya hujui cha kurudisha. Usipande wala kushuka zaidi ya nafasi moja au mbili kwa mara moja, na baina ya majaribio rudi kwenye ya kawaida upige mipira mitano kuhakikisha ni fimbo iliyobadilika, si bembeo.

Skrubu inahitaji heshima yake. Tumia spana iliyokuja na draiva, ile inayolia "tak" ikifika kiwango, ambacho kwa TaylorMade ni paundi-inchi 40, sawa na nyutoni mita 4.5 hivi. Ufunguo wa nyota wa fundi baiskeli unaweza kuingia, lakini haulii, na ukikaza kupita kiasi unakula nyuzi za slivu. Alumini ni laini. Kabla ya kuingiza, piga brashi meno ya slivu na shingo. Mchanga wa pwani ukibaki ndani, slivu haikai mpaka mwisho, na utaona mwanya mwembamba kati ya shingo na ile pete nyeusi. Usipige fimbo yenye mwanya huo. Anza kwa kuisukuma slivu kwa mkono ikae, zungusha skrubu taratibu, halafu kaza hadi ilie. Ukisikia mlio wa kugongana unapopiga, skrubu imelegea. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani ya kichwa ukiitikisa, mara nyingi ni gundi ya ndani iliyobanduka, na hiyo ni kazi ya fundi wa fimbo.

Ukinunua iliyotumika, dai spana na ufungue slivu mbele ya muuzaji. Slivu za kampuni moja haziingii kwenye kichwa cha nyingine, na hata za kampuni moja hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Shafti nzuri yenye slivu isiyoingia haina faida kwako.

Ukishapata nafasi inayokufaa, ipige picha slivu kwa karibu, alama zisomeke, na vizito pia. Kanuni ya 4.1a inakataza kubadilisha kwa makusudi uwezo wa fimbo raundi ikiwa inaendelea, hata mkiwa mmesimamishwa na mvua. Ukibadilisha na kupiga nayo, umeondolewa mashindanoni. Ukiirudisha ilivyokuwa kabla ya kupiga, hakuna adhabu. Kichwa kikilegea chenyewe kwenye shimo la 7 unaruhusiwa kukikaza, lakini kwenye nafasi ile ile kilipokuwa, na ile picha ndiyo itakayokuonyesha ni ipi.