Mlio wa LUKU ulivyonifundisha saikolojia: kwa mnaoanza kidato cha tano

Wadogo zangu mnaoanza saikolojia mwaka huu, najua mmeshaulizwa nyumbani: "Hiyo nayo ni tahasusi gani?" Ukiwa shule ya mtaala wa Cambridge hapa Dar, utajikuta na wenzako wachache mnasoma somo ambalo kaka wala dada hakuwahi kulisoma, na madaftari ya kurithi hakuna. Nami nilipita njia hiyo hiyo. Kuna kosa moja lililonila muhula mzima, na sitaki liwale ninyi.

Nilikuwa hodari wa kukariri. Biolojia ya kidato cha nne niliipita hivyo, nikadhani na huku ni vilevile. Jaribio la kwanza likaja na kisa cha mtoto na mama yake, halafu swali: huu ni uimarishaji hasi au ni adhabu, na kwa nini? Fasili zote mbili nilizijua neno kwa neno. Nikajibu adhabu. Nilipata 11 kati ya 30, na kilichoniuma ni kwamba usiku ule nilikuwa nimesoma kweli.

Jibu nililipata nyumbani Tabata, kwenye kile kidude cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mnaujua ule mlio yuniti zikikaribia kwisha: kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Mama alivumilia mpaka akamaliza kukuna nazi, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu akanunua umeme. Akabonyeza zile tarakimu 20 moja moja, mlio ukakatika. "Afadhali," akasema. Nikabaki nimesimama mlangoni. Mama kafanya tendo, kero imeondoka, na safari ijayo kikianza tu kulia hatangoja. Tendo limepata nguvu kwa sababu kuna kitu kimeondolewa. Huo ndio uimarishaji hasi. Neno "hasi" pale ni la hesabu, maana yake kutoa, halina uhusiano wowote na ubaya.

Sasa linganisha. Mdogo wako kachelewa kurudi, mama kamnyang'anya simu, na tangu siku hiyo anarudi mapema. Hapo pia kuna kitu kimetolewa, lakini tendo la kuchelewa limepungua, kwa hiyo ni adhabu, tena adhabu hasi. Jiulize kwanza kama tendo limeongezeka au limepungua. Ukishajibu, ndipo uulize kama kuna kitu kimeongezwa au kimetolewa. Ukianza na la pili utaanguka palepale nilipoangukia mimi.

Tangu hapo kila dhana naitafutia mfano mtaani, kisha natafuta dhana jirani inayofanana nayo, nieleze kwa nini si hiyo. Muuza kahawa akipita jioni akigonganisha vikombe, mate yanakujaa kabla hujaliona birika wala kashata. Hiyo ni ya Pavlov, aliyeeleza kujifunza kwa kuambatanisha vitu viwili, si ya Skinner, aliyeeleza kujifunza kwa malipo na adhabu: hujafanya tendo lolote ukalipwa, ni sauti imeambatana na ladha mara nyingi hadi mwili unaiitikia sauti peke yake. Pavlov mwenyewe alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula kwa mbwa, na Tuzo ya Nobel ya 1904 aliipata kwa kazi hiyo ya mmeng'enyo.

Tafiti nazo zisomeni mkiwa ndani yake. Chukueni ule wa Piliavin na wenzake wa 1969, kwenye treni ya New York. Mtu anaigiza kuanguka, mara ana fimbo, mara ananuka pombe. Mwenye fimbo alisaidiwa bila kuchochewa mara 62 kati ya 65, mlevi mara 19 kati ya 38. Nilipoipandisha hadithi hiyo kwenye Mwendokasi ya Kimara kwenda Kivukoni, nikaona kitu ambacho kukariri kusingenionyesha: kwenye basi asiyetaka kusaidia anashuka kituo kinachofuata. Treni ile ilikwenda takriban dakika saba na nusu bila kusimama, na hakuna aliyeweza kushuka. Nukta kama hiyo, ikielezwa vizuri, ina thamani kubwa kwenye swali la tathmini.

Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mimi nilikuwa naandika maelezo kwa Kiswahili kwanza: kichocheo, mwitikio, kigeu huru (anachobadilisha mtafiti), kigeu tegemezi (anachokipima). Nikishindwa kumweleza mama dhana kwa Kiswahili, nilijua sijaielewa, hata kama Kiingereza chake kinanitoka bila kukwama.

Na msirudierudie kusoma kurasa zilezile. Funika daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua usahihishe. Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wenu hauji baada ya dakika tano.

La mwisho nalisema kwa uzito. Mkifika sura za magonjwa ya akili mtaanza kuyaona kwa kila mtu. Msimpe mtu jina la ugonjwa. Mimi nilimpa rafiki yangu, pale kibarazani kwao, nikijiona nimesoma. Alinyamaza, na mwaka ule mzima hakunisimulia tena jambo lake lolote. Alikuwa anahitaji mtu wa kumsindikiza Muhimbili, kwenye idara ya afya ya akili, na hakuna kilichonizuia kwenda naye.