Maswali ya Wasomaji: Kuzushiana kwenye siasa za Uingereza

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Kigoma na karibu zote ni za siasa, watu wa huko na siasa hawaachani. Zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: huko Uingereza tunakoambiwa siasa zao ni za kistaarabu, mtu akimsingizia mwenzake inakuwaje? Nimechukua nne.

SWALI: Mwakeye mhariri. Mimi niko Mwandiga. Niligombea udiwani kwenye kura za maoni za chama changu, zimebaki siku chache wajumbe wapige kura ikarushwa voisi kwenye magrupu ya wasap kwamba mimi sio Mtanzania, eti baba aliingia na wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, wakati babu yangu kazikwa hapahapa kijijini na kaburi lipo kila mtu analijua. Nikashindwa. Aliyenizushia anatembea kifua mbele. Mdogo wangu ananiambia kaka ungekuwa Uingereza huyo angevuliwa ushindi. Ni kweli au ananifariji tu? (Aliyezushiwa, Mwandiga)

JIBU: Kaka pole sana, na sisemi pole ya mdomoni. Kwa mtu wa Kigoma kuambiwa sio raia ni zaidi ya tusi, maana linakugusa wewe, baba, babu na watoto, na kila ukijitetea wengine wanazidi kuhisi kuna kitu. Wanaotumia silaha hiyo wanajua kabisa inakochoma.

Mdogo wako hajakudanganya ila hajakumalizia hadithi. Kwenye uchaguzi mkuu wa Mei 2010, jimbo la Oldham East and Saddleworth kaskazini mwa Uingereza, kulikuwa na mbunge wa chama cha Labour anaitwa Phil Woolas, aliyekuwa waziri wa uhamiaji. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Elwyn Watkins wa chama cha Liberal Democrats. Woolas akaona maji yamefika shingoni, timu yake ikatoa vipeperushi vinavyoonesha kwamba Watkins anajipendekeza kwa Waislamu wenye msimamo mkali ili apate kura zao na kwamba hataki kuwalaani watu wanaotishia fujo. Haikuwa kweli. Mahakamani zikatolewa barua pepe zao wenyewe zikionesha lengo ni kuwapandisha hasira wapiga kura weupe, yaani walikaa wakapanga kabisa nani amkasirikie nani. Woolas akashinda kwa kura 103 tu.

Watkins hakukaa kimya, akaenda mahakama ya uchaguzi. Majaji wawili walikuja kusikiliza hukohuko jimboni na tarehe 5 Novemba 2010 wakasema Woolas amevunja sheria, ushindi wake ukafutwa na akazuiwa kugombea kwa miaka 3. Akapeleka shauri mbele, likaondolewa dai moja lakini mengine yakabaki na hukumu ikasimama. Ilikuwa imepita miaka 99 bila mtu kuvuliwa ubunge kwa kosa la aina hiyo. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1983, kifungu cha 106, inasema ni kosa kutoa habari ya uongo kuhusu tabia au mwenendo binafsi wa mgombea ili kuathiri uchaguzi, isipokuwa kama ulikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ni kweli.

Sasa kaka hapa ndo panauma. Kiti hakikwenda kwa Watkins. Uliitishwa uchaguzi mdogo tarehe 13 Januari 2011, Labour wakasimamisha mtu mwingine, Debbie Abrahams, akashinda kwa kura zaidi ya 3,500 na Watkins akawa wa pili tena. Kwaiyo mzushaji alivuliwa lakini aliyezushiwa hakupata alichokikosa, na chama kilichofaidika na ule uzushi kikabaki na jimbo. Mimi naona ile hukumu ilikuwa nzuri sana ila haikutosha.

Alafu kuna lingine mdogo wako hakukwambia, kifungu hicho kinahusu uchaguzi wenyewe, sio mchujo wa ndani ya chama. Yaliyokukuta wewe kwenye kura za maoni hata huko yasingeingia humo, ungebaki na kesi ya madai ya kashfa. Kwaiyo itunze hiyo voisi kwenye simu na nakala sehemu nyingine, andika nani aliirusha, lini na kwenye grupu gani, ukamwone wakili. Cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi viwe pamoja. Na wale wajumbe walioisikiliza wakanyamaza na wao wana sehemu yao, usiwasahau kwenye hasira zako.

SWALI: Shikamoo mhariri, mimi ni mwalimu wa uraia hapa Ujiji. Huwa nawafundisha wanafunzi kwamba Uingereza waziri akidanganya Bunge anajiuzulu. Juzi kijana mmoja kaniuliza, mwalimu mbona huko mbunge akimwita mwenzie mwongo anatolewa nje yeye? Nikakosa jibu. (Mwalimu, Ujiji)

JIBU: Marahaba mwalimu. Kijana wako anasoma, mtunze.

Unachofundisha kipo. Mfano unaotajwa sana ni John Profumo, waziri wa vita, tarehe 22 Machi 1963 alisimama bungeni akasema hakuna lolote lisilofaa kati yake na binti anaitwa Christine Keeler. Kulikuwepo. Tarehe 5 Juni akajiuzulu, na kilichomng'oa ni kudanganya Bunge kuliko hata yale mahusiano. Baada ya hapo akaenda kujitolea kwenye kituo cha kusaidia maskini mashariki mwa London, Toynbee Hall, miaka na miaka mpaka watu wakarudi kumheshimu. Mtu wa namna hiyo ni nadra popote.

Lakini na kijana yuko sahihi. Kanuni yao inasema wabunge ni waheshimiwa wote, huwezi kumwambia mwenzio amedanganya kwa makusudi, ukitaka hivyo ulete hoja rasmi. Hapa kwetu Dodoma ukimwambia mtu mwongo Spika anaweza kukwambia thibitisha au futa kauli, kule wanakwambia futa tu, uthibitisho haujaulizwa kabisa. Julai 2021 Dawn Butler wa Labour alisema waziri mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge tena na tena, akagoma kufuta, akatolewa.

Wafundishie hao watoto siku moja, tarehe 31 Januari 2022. Ilikuwa ishu ya zile pati za ofisini kwa Johnson wakati wa korona, watu wamewekewa kikomo hata kwenye mazishi ya wazazi wao, huku wa ofisini kwake wanakunywa. Siku hiyo kiongozi wa wabunge wa SNP, chama cha Scotland, Ian Blackford, akasema Johnson amelipotosha Bunge kwa makusudi, akakataa kufuta, akaondoka ukumbini. Siku hiyohiyo, ukumbi huohuo, Johnson alimwambia kiongozi wa upinzani Keir Starmer kwamba alipokuwa mkurugenzi wa mashtaka alishindwa kumshtaki Jimmy Savile, yule mtangazaji aliyekuja kujulikana baada ya kufa kwamba alidhalilisha mamia ya watu wakiwemo watoto. Ukweli ni kwamba mwaka 2009 faili liliamuliwa na waendesha mashtaka wengine, Starmer ndo alikuwa mkuu wa ofisi lakini hakulishika yeye. Hakuna aliyemtoa Johnson nje. Kesho yake Spika Lindsay Hoyle akasema hakuridhika na maneno yale ila kikanuni hayakuwa na kosa. Na bungeni huwezi kushtakiwa kwa ulilosema, kinga hiyo ipo tangu sheria yao ya mwaka 1689.

Msaidizi wa Johnson wa miaka mingi, Munira Mirza, akajiuzulu tarehe 3 Februari kwa sababu ya kauli ile, akisema haikuwa na msingi. Tarehe 7 Februari Starmer akazingirwa na watu mtaani karibu na Bunge, wanapiga kelele za Savile, polisi wakamwingiza kwenye gari. Ndo ujue neno la bungeni linatembea na miguu.

Johnson mwenyewe alikuja kupigwa faini kwa zile pati Aprili 2022, na tarehe 15 Juni 2023 kamati ya Bunge, yenye wabunge wengi wa chama chake mwenyewe cha Conservative, ikasema alilipotosha Bunge kwa makusudi, ilikuwa asimamishwe siku 90 lakini alishaacha ubunge siku chache kabla. Bunge likaikubali ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7. Blackford alikuwa sahihi basi, na aliyelazimika kutoka nje ni yeye.

Na mwalimu usiwaache wanafunzi wakadhani ni chama kimoja. Aprili 2023 Labour, chini ya Starmer huyuhuyu, walitoa tangazo lenye picha ya waziri mkuu Rishi Sunak linalosema kwamba Sunak hadhani watu wazima waliopatikana na hatia ya kudhalilisha watoto wanatakiwa kwenda jela. Takwimu walizotumia zilianzia 2010, Sunak kaingia bungeni 2015, na anayetoa kifungo ni hakimu au jaji. Watu wakalalamika mpaka ndani ya Labour, Starmer akasema anasimama na kila neno. Mtu aliyezingirwa mtaani kwa uzushi wa aina hiyohiyo, mwaka mmoja tu nyuma! Hili limenikera kuliko yote niliyoandika humu maana yeye alishajua linavyouma.

SWALI: Mhariri, zamani nilisikia kuna barua ya Warusi iliyoiangusha serikali ya Uingereza, kumbe ilikuwa feki. Ni ya lini? (Mzee wa Mwanga)

JIBU: Mzee wangu ni ya 1924. Gazeti la Daily Mail liliitoa tarehe 25 Oktoba, siku 4 kabla ya uchaguzi, ikidaiwa imeandikwa na Grigory Zinoviev, mkuu wa umoja wa vyama vya kikomunisti duniani huko Moscow, kuwaambia wakomunisti wa Uingereza wachochee mapinduzi. Aliyekuwa madarakani ni Ramsay MacDonald, waziri mkuu wa kwanza wa Labour. Wakaanguka kutoka viti 191 hadi 151, Conservative wakashika nchi. Ila tusiseme barua ndo iliwaangusha, kura za Labour ziliongezeka kama milioni moja, waliomalizika kabisa ni chama cha Liberal kutoka viti 158 hadi 40. Mwaka 1999 mwanahistoria wa wizara yao ya mambo ya nje, Gill Bennett, aliyafungua makabrasha akahitimisha kwamba barua ni ya kughushi. MacDonald alikuwa ameshakufa tangu 1937.

SWALI: Habari dada mhariri. Mimi ni mama, nafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Jirani yangu ana klipu ya mtu anasema kiongozi mmoja wa mtaa anachezea watoto, anataka airushe grupu la mtaa. Wengine wanasema asubiri. Mimi kama mzazi naona ukinyamaza unamlinda mbaya. Huko wanafanyaje? (Mama wa watoto, Kibirizi)

JIBU: Mama, hofu yako ni ya haki na mtoto akisema kaguswa asikilizwe siku hiyohiyo. Ila ngoja nikwambie kilichotokea London.

Baada ya mambo ya Savile kufichuka mwaka 2012, watu walikuwa na hasira, na wengi wao walikuwa na haki maana kwa miaka mingi waliosema walipuuzwa. Katikati ya hasira hiyo mwaka 2014 akatokea mtu, Carl Beech, akawaambia polisi kwamba alipokuwa mtoto alidhalilishwa na genge la wakubwa na kwamba wameua watoto watatu. Akataja majina. Aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani Leon Brittan, aliyekuwa mbunge Harvey Proctor, mkuu wa majeshi mstaafu Bramall. Mbunge wa Labour Tom Watson alikutana naye akalivalia njuga jambo hilo, na mpelelezi mmoja mkubwa akasimama mbele ya waandishi akasema anayosema Beech ni ya kuaminika na ni kweli, upelelezi hata haujaiva.

Hakukuwa na kitu. Proctor alipoteza kazi na nyumba. Brittan alifariki Januari 2015 bado anachunguzwa. Bramall alipekuliwa nyumba akiwa na miaka 91, mkewe akafa kabla jina la mumewe halijasafishwa. Upelelezi ukafungwa 2016 bila mtu kukamatwa, na Julai 2019 Beech mwenyewe akafungwa miaka 18 kwa makosa yakiwemo kupotosha haki na ulaghai. Ikaja kuonekana kwamba yeye ndo alikuwa na picha chafu za watoto kwenye kompyuta zake.

Na wanaoumia mama sio hao wazee peke yao. Kila uzushi wa namna hiyo ukibainika, mtoto wa kweli anayekuja kesho anaambiwa na wewe wale wale.

Kwaiyo jirani yako asikae kimya na wala asirushe. Aichukue klipu aende nayo polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, leo, sio wiki ijayo, na kama kuna mtoto anatajwa mzazi wake aende pamoja naye hospitali mapema kabla dalili hazijapotea. Akiirusha grupu, mtuhumiwa atajua kabla ya polisi, kama ni yeye kweli atakuwa ameshavuka ziwa, na sura ya mtoto itabaki kwenye simu za mtaa mzima. Wakiwazungusha kituoni muende ustawi wa jamii, na mniandikie tena.