Jeni ya baba na jeni ya mama: seli inazitofautishaje?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya maabara. Mwalimu wetu alimtaja mtafiti mzaliwa wa Kisumu aliyegundua kwamba jeni tuliyorithi kwa baba na ile ya mama hazifanyi kazi sawa kila mara. Kama herufi za DNA ni zilezile, seli inajuaje ipi ni ya nani? Na ninyi maabara mnaionaje tofauti hiyo?

JIBU: Mwalimu wako alimaanisha Azim Surani, aliyezaliwa Kisumu mwaka 1945 na kufanya sehemu kubwa ya utafiti wake Cambridge, Uingereza. Swali lako la kwanza ndilo lililomshughulisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Mwaka 1984 yeye na wenzake walichukua mayai ya panya yaliyochochewa kukua bila mbegu ya dume, yakiwa na kiini kimoja tu, cha mama. Wakayaongezea kiini cha pili kwa kutumia sindano ya kioo chini ya darubini: mengine kiini cha baba, mengine cha mama tena. Kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, zilitimia kote. Yaliyopata kiini cha baba yaliweza kufika hadi kuzaliwa, yenye viini viwili vya mama mimba zikaharibika. Walipojaribu viini viwili vya baba, nako mimba haikufika, ila sura yake ilikuwa nyingine: tishu za kondo la nyuma zilistawi huku kiinitete kikidumaa. Kwa mama wawili ilikuwa karibu kinyume chake. Mwaka huohuo James McGrath na Davor Solter, huko Marekani, walifikia hitimisho hilohilo. Kwa hiyo DNA ilikuwa na alama juu yake, iliyowekwa kabla yai na mbegu havijakutana.

Alama yenyewe hasa ni methili, kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni kinachobandikwa kwenye herufi C inayofuatwa na G. Hapa nikusihi jambo: usikariri kwamba methili huzima jeni, basi. Tazama Igf2, jeni ya ukuaji, na jirani yake H19. Kwenye kromosomu ya mama, kipande kilicho kati yao hakina methili, protini iitwayo CTCF inakaa pale na kuziba njia, Igf2 inanyamaza na H19 inafanya kazi. Kwenye kromosomu ya baba kipande hicho kina methili, CTCF haishiki, Igf2 inawaka. Methili ileile inazima H19 na kuiruhusu Igf2. Ukielewa mfano huu mmoja, mingi itakufungukia.

Sasa fikiria binti. Kromosomu aliyopewa na baba yake ina alama za kiume, lakini yeye akizaa ataipitisha kama mama. Lazima alama zifutwe ziandikwe upya. Kazi hiyo huanza mapema mno, kwenye seli chache za kiinitete ambazo baadaye zitakuwa mayai au mbegu, na ndizo Surani alizozifuata kwa miaka mingi. Mwaka 2015 kundi lake lilionyesha kwamba kwa binadamu protini ya SOX17 ndiyo ufunguo wa kuzitengeneza seli hizo, jambo ambalo panya hawakuwa wametudokeza.

Kuhusu kuziona: tunaloweka DNA kwenye kemikali iitwayo bisalfaiti. C isiyo na methili hugeuka U, na baada ya PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, inasomeka T. Yenye methili hubaki C. Tunasoma mfuatano, tunalinganisha na wa awali.

Shida ni kwamba bisalfaiti isipofanya kazi kikamilifu, C isiyo na methili nayo hubaki C, nawe utaapa umeiona methili. Nilishapatwa na hilo. Nilikuwa na matokeo mazuri ya wiki tatu, kisha nikasoma kontroli, DNA ambayo nilijua haina methili kabisa, nikakuta C zimejaa. Nililia siku ile, na sampuli zote nikazirudia. Tangu hapo kontroli ndiyo ninayoifungua kwanza, kabla sijaangalia sampuli hata moja. Nawe ukianza mazoezi, anza hivyo.