Mguu umefura wakati wa kemo ya ubongo: ni dawa au ni uvimbe?

Swali: Daktari, kaka yangu alipasuliwa uvimbe wa ubongo, glioblastoma, na sasa anameza kapsuli za kemo (dawa ya saratani) ziitwazo temozolomidi. Tukirudi Kakamega kutoka kliniki Eldoret, mguu wake wa kushoto ukafura. Ultrasaundi ilionyesha damu imeganda, akaanzishiwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Ni kemo iliyoleta haya? Na hizo sindano hazitamvujishia damu ubongoni?

Jibu: Pole sana, dada. Kemo huenda imechangia, lakini mimi ningeanza kuulaumu uvimbe wenyewe. Seli za glioblastoma hutoa protini zinazochochea damu kuganda, hata kabla mgonjwa hajaonja dawa yoyote. Kati ya wagonjwa 100 wa uvimbe huu, 20 hadi 30 hupata bonge la damu wakati fulani. Juu yake kuna upasuaji, deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kupunguza kufura kwa ubongo), na mguu uliolegea usiotembea vya kutosha kuisukuma damu irudi juu. Kukaa kwenye matatu magoti yamekunjwa kuliongezea tu.

Hofu yako ya pili ina msingi. Uvimbe huu huweza kuvuja damu wenyewe, na dawa za kuzuia kuganda huongeza hatari hiyo. Lakini bonge likipanda hadi mapafuni linaweza kumuua mtu kwa dakika chache. Ndiyo maana, kama picha ya kichwa haionyeshi damu mpya, kwa kawaida tunatibu.

Temozolomidi inanitia wasiwasi kwa jambo lingine: hushusha chembe sahani, zile zinazoziba jeraha. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Zikishuka chini ya 50,000, dozi ya sindano mara nyingi hupunguzwa. Chini ya 25,000, husimamishwa kwa muda. Kwa hivyo kile kipimo cha damu cha karibu siku ya 22 ya kila mzunguko wa kemo msikiruke kwa kubana nauli. Kipimeni hapo Kakamega, matokeo yatumwe Eldoret. Sindano wala kapsuli msiziache kwa uamuzi wenu.

Je, anatumia dawa za kifafa? Fenitoini na kabamazepini hudhoofisha tembe za kuzuia damu kuganda kama rivaroksabani, kwa hiyo mtajieni daktari kabla hajambadilishia sindano kuwa tembe. Maumivu yakizidi, msimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kuuliza. Na huo mguu, tafadhali, msiukande kwa maji moto na mafuta. Najua mama mzazi atataka kuukanda. Mzuieni kwa upole.

Akihema kwa shida, akiumwa kifua au kukohoa damu, au kichwa kikimgonga ghafla huku akitapika na kusinzia, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mbebe karatasi ya dawa zake zote.