MP3 ya 320 au FLAC: mteja atasikia tofauti?

Mkuu uliyetuandikia kutoka Mwanjelwa, Mbeya, unauliza kama wateja unaowajazia nyimbo kwenye flashi watasikia tofauti ukihamia FLAC (faili la muziki lisilokatwa sauti yoyote) kutoka MP3 ya 320 (MP3 hukata baadhi ya sauti ili faili liwe dogo; 320 ni kilobiti kwa sekunde). Kwa spika za bajaji, sahau. Hata kwa hedifoni nzuri wengi hawazitofautishi. Inayojiumbua ni MP3 ya 128: sikiliza matoazi na makofi ya kwaya, yanasikika kama yanapigwa majini.

Jipime. Mwenzako akuchezee FLAC na MP3 ya 320 bila kukutajia ipi ni ipi, volyumu ikiwa sawa kabisa, maana yenye sauti kubwa zaidi kidogo tu huonekana bora.

Ila usigeuze 128 kuwa 320! Faili linanenepa, kilichokatwa hakirudi. Na ukiona masikio yanavuma baada ya kazi, punguza sauti. Yasipotulia nenda kwa daktari.